Mwalimu Aurelia, Aliyewakalisha Wazazi Kitini

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Wakubwa wote shikamooni. Hamjambo huko mliko? Homa za masika zimewaacha? Sisi hapa Ifakara tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo nimekwisha liweka mikononi mwa Mungu.

Baada ya salamu, napenda kuwajulisha kuwa Jumatatu tarehe 30 Juni 1997, Mwalimu Aurelia Lihawa anastaafu. Ametumika miaka thelathini na mitatu na ushei, na minane ya mwisho amekuwa mkuu wa Kitengo chetu cha Elimu Maalumu. Tutamuaga Jumamosi tarehe 28, darasani kwetu, baada ya misa ya asubuhi. Kwa kuwa wengi wenu mliowahi kufanya kazi nasi, au kuleta watoto kwetu, hamtaweza kufika, wafanyakazi waliamua wasifu wake uandikwe na kutumwa kwenu.

Kazi hiyo nimepewa mimi, Kelestini Mponda, karani. Msidhani ni kwa sababu ya elimu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa huruma ya waalimu. Nimepewa kwa sababu ufunguo wa chumba cha taipureta ninao mimi, na siku ya kugawana kazi nilikuwa nimetoka kwenda kununua wino. Niliporudi nikakuta nimechaguliwa kwa kauli moja.

Mwalimu Aurelia alizaliwa upande wa Mahenge mwaka 1942 na akaanza kufundisha Januari 1964, huko huko mlimani. Mwaka 1971 alihamishiwa huku bondeni, akapewa darasa la kwanza, na humo akakaa miaka kumi na saba. Nusu ya watu wazima wa Lipangalala walishikwa mkono naye walipoandika herufi ya kwanza, na hadi leo akipita sokoni wauza samaki wenye ndevu husimama wima. Mwaka 1988 alikwenda kozi ya mwaka mmoja ya elimu maalumu. Aliporudi akafungua Kitengo chenye watoto sita na vyumba viwili, kimoja kikiwa bado stoo ya majembe.

Watoto sita si kwamba ndio waliokuwepo. Ndio walioonekana. Wengine walikuwa ndani, nyuma ya pazia, na wakati ule tuliwaita kwa majina ambayo leo naona haya kuyachapa. Mwalimu alichukua baiskeli akaanza kuwafuata nyumba kwa nyumba, Katindiuka, Michenga, mpaka kwenye mashamba ya mbali. Mimi nilitumwa nimsindikize ili kumlinda. Mchanga wa njia ya Michenga ukanishinda kilomita ya pili, tairi langu likapasuka, na tukaingia kijijini mwalimu akiendesha, mlinzi wake nimekaa nyuma kwenye keria, miguu nimeikunja kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Watoto walitukimbilia wakiuliza, "Mwalimu, huyo naye unamleta shule?" Mwalimu akajibu, "Huyu bado tunampima."

Sasa niwaeleze kazi aliyoifanya ambayo haimo kwenye barua yake ya ajira.

Kila mtoto wa Kitengo ana kikao cha mpango. Wanakaa mwalimu mkuu, muuguzi, Mwalimu Aurelia, na Bwana Gosbert, afisa anayeshughulikia elimu maalumu, pamoja na mzazi wa mtoto. Wanapanga mtoto afundishwe nini na kwa muda gani. Mimi huandika muhtasari. Miaka ya mwanzo vikao vilikuwa Aprili, na kiti cha mzazi kilikuwa kitupu. Nami niliandika kwa kila mtoto: "Mzazi hakufika. Hana mwamko." Neno hilo nililipenda kweli. Niliona linanifanya nifanane na mtu wa wilayani.

Mwalimu alisoma karatasi zangu, na Jumatatu moja ya Aprili akaniambia, "Kelestini, panda baiskeli." Tulifika mashambani saa moja asubuhi. Mpunga ulikuwa umechanua, na kila mzazi wangu asiye na mwamko alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia mpunga, amekwisha kupiga kelele na kurusha kombeo tangu alfajiri, maana ndege ukiwageuzia kisogo nusu saa umekula hasara ya mwaka. Familia nzima huhamia huko miezi mitatu. Mimi mwenyewe nimezaliwa katika dungu la namna hiyo, na nilikuwa nimesahau. Niliporudi niliomba vikao vihamishiwe Agosti, baada ya mavuno. Niseme kweli, Mwalimu ndiye aliyeomba. Mimi nilichapa barua.

Basi Agosti wazazi wakaja. Wakaja na kuku, wakaja na wajomba, wakakaa chini karibu na mlango, na walipoulizwa neno wakasema, "Ninyi ndio wenye kujua." Kikao cha mtoto mmoja kilichukua dakika nne. Bwana Gosbert alifurahi. Mwalimu mkuu alifurahi. Mwalimu Aurelia alitoka nje akasimama peke yake karibu na pipa la maji.

Ndipo zilipozaliwa Alhamisi. Ilikuwa Julai 1993. Aliwaita wazazi wenye vikao, saa nane mchana, akawaambia watakuja kila Alhamisi hadi siku ya kikao. Somo la kwanza lilikuwa kukaa kitini. Sitanii. Mama wa huku kwetu akiingia palipo na wakubwa hupiga goti, husalimia, kisha hujikunyata sakafuni. Ndiyo adabu aliyolelewa nayo, na si mbaya. Lakini Mwalimu aliwaambia mtu aliyekaa chini anaongea na magoti ya wenzake, na magoti hayana masikio. Akapanga viti sita. "Salimieni kwa goti mpendavyo," akasema, "halafu inukeni mkae hapa." Mama mmoja alikalia ncha ya kiti kwa woga, kiti kikapinduka naye. Wakacheka wote, naye akacheka akiwa bado chini, akarudia.

Alhamisi iliyofuata somo lilikuwa kuku. "Ukishampa mtu kuku," Mwalimu alisema, "umeufunga ulimi wako pamoja na miguu ya huyo kuku. Mleteni baada ya kikao, au mleni wenyewe." Kisha akawafundisha sentensi moja, "Hilo sijalielewa, naomba nielezwe tena," nao wakaiitikia kwa pamoja kama litania ya watakatifu. Na kwa kuwa wengi hawasomi, hakuwagawia karatasi. Kila mmoja aje na kapu lenye vitu viwili: kimoja cha kuonyesha jambo ambalo mtoto analiweza, kingine cha kumkumbusha mzazi anachotaka mtoto afundishwe. Neno linaweza kukimbia mbele ya wakubwa, lakini kitu kilichomo mkononi hakikimbii.

Mazoezi hayo yalihitaji mtu wa kuwa Bwana Afisa. Nikajitolea, kwa unyenyekevu. Unyenyekevu huo uliisha dakika ya tatu. Niliazima koti la shemeji yangu, nikachomeka kalamu tatu mfukoni, moja ndiyo iliyokuwa inaandika. Nilikohoa. Nilitazama saa. Nilisema, "Wazazi, muda!" nikapiga meza. Mzee Agapiti wa Katindiuka, ambaye alikuja kwa ajili ya mjukuu wake kiziwi, alichukua kapu lake akaondoka. "Kama wa kuigiza yuko hivi," alisema mlangoni, "huyo wa kweli mkutane naye wenyewe."

Mwalimu akanitazama. "Kelestini, chukua baiskeli yangu umfuate mzee. Umwambie yule afisa amefukuzwa kazi."

Nilimkuta karibu na reli. Nilipomwambia, alikaa kwenye mawe akacheka mpaka akashika mbavu, na Alhamisi iliyofuata alikuja wa kwanza, akataka kukaa mbele.

Hapa nafika mahali pagumu. Nimekwisha paungamia kwa padre, kwa hiyo naona naweza kupachapa.

Kukata stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, si mchezo. Ukikosea herufi moja unapaka dawa, unapuliza, unangoja ikauke, na ukichapa kwa nguvu herufi "o" inatoka kabisa na kuacha tundu. Nami niliona maneno ya vikao ni yale yale. Basi nikajiuliza, ya nini kungoja? Nikaanza kuchapa muhtasari siku moja kabla ya kikao. Uamuzi niliupata kwenye tathmini ya mtoto, iliyoletwa kabla ya kikao. Kwa mzazi niliandika: "Mzazi aliishukuru kamati na kukubaliana na uamuzi." Hata saa ya kufunga kikao niliiweka. Siku ya kikao niliingia na nakala zangu sita chini ya faili, nikawa naigiza kuandika huku nachora samaki pembeni mwa faili. Miaka mitatu nilifanya hivyo. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wenzangu kwa wepesi.

Ikaja Agosti 1995, na kikao cha Levina.

Levina ni binti wa Mama Balbina wa Michenga. Wakati ule alikuwa na miaka tisa. Hasemi. Darasani alikuwa akizunguka, na kalamu akipewa huitupa. Nafasi za Kitengo zilikuwa ishirini na watoto kumi na mmoja walikuwa wanangoja nje. Tathmini ikasema: hatulii, hashiki kalamu, apumzishwe nyumbani. Kila mtu alijua maana yake. Levina angerudi Michenga na tusingemwona tena, na hatukujua mahali pengine karibu ambapo angepokelewa. Mimi stensili yangu ilikuwa tayari.

Balbina ni mjane. Katika Alhamisi zake alikuja na kaka yake, Tadei, maana huku kwetu jambo zito la mtoto husemwa na mjomba. Na Tadei ni msemaji. Alisimama, akafunga kifungo cha shati, akaanza: "Mwalimu, sisi kama ukoo tumekaa, tumetafakari, tunaishukuru serikali..."

"Ahsante, mjomba," akasema Mwalimu. "Levina akilia, hubembelezwa na nini?"

Tadei akatazama paa. "Hilo ni la mama yake."

"Chakula gani anapenda?"

"Wali."

Balbina, kwa sauti ndogo: "Wali hali, kaka. Anakula ugali na samaki, na sharti umtoe miiba."

"Basi siku ya kikao," Mwalimu akasema, "mjomba atatusalimia na kutufungulia kwa sala, na mama ndiye atakayesema."

Nilidhani Tadei atanuna. Alikaa chini akapumua. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa naogopa."

"Na mimi je?" Balbina akauliza. "Mimi Kiswahili cha ofisini sikijui, Mwalimu."

"Na wao hawajui Kilevina. Mtafundishana."

Kikao kilikuwa Jumanne tarehe 22. Tadei alisali, sala fupi, ya kwanza fupi maishani mwake nadhani. Bwana Gosbert akasoma tathmini. Si mtu mbaya Bwana Gosbert. Ana wilaya nzima na pikipiki moja mbovu. Alifika mwisho akasema, "Kwa hiyo kamati inapendekeza mtoto apumzishwe nyumbani. Mama, una neno?"

Nikaona magoti ya Balbina yanaanza kuitafuta sakafu. Akashika kiti kwa mikono miwili, akabaki juu.

"Shikamooni. Hilo sijalielewa, naomba nielezwe tena."

"Yaani akae nyumbani, mama."

"Mpaka lini?"

Bwana Gosbert akaitazama karatasi. Karatasi haikusema mpaka lini.

Balbina akaingiza mkono kapuni akatoa ukili wa mkeka, ule msuko mwembamba unaoshonwa baadaye kuwa mkeka, wa rangi mbili, mrefu kama mkono wa mtu mzima. "Huu kausuka Levina. Chane saba za ukindu. Mmeandika hatulii. Huu aliukalia asubuhi mpaka jua la utosini, hakuinuka. Mmeandika hashiki kalamu. Ni kweli, hashiki. Kwani mmewahi kumpa kitu kingine?"

Muuguzi akaupokea, akaukagua kwa kidole, hakuona kosa. Bwana Gosbert, ambaye kwao ni Bukoba na mama yake naye alikuwa msusi, alisema hiyo kazi anaijua, akajaribu kuongeza mzunguko mmoja. Akauharibu. Balbina alimpokonya kwa adabu, akafumua alichosuka afisa, akasuka upya. Tadei akageukia dirishani ili asicheke.

Kisha akatoa kikombe cha bati.

"Hiki ndicho kilichonileta. Levina akiwa na kiu hasemi, analia tu. Akilia kwa njaa mimi namjua, akilia kwa kiu namjua. Lakini mimi nina kifua, wazee wangu. Nikifa, nani atajua mtoto yule ana kiu? Siombi mumfundishe kusoma. Mfundisheni kuomba maji. Akishajua hilo, mumpumzishe."

Mwalimu Aurelia alikuwa ameinamisha kichwa, hakumsaidia hata kwa neno moja. Bwana Gosbert akavua miwani. "Karani," akasema, "andika hayo. Neno kwa neno."

Karani hakuwa na karatasi. Miaka mitatu sikuwa nimeingia kikaoni na karatasi tupu. Nilipapasa mfukoni, nikazichomoa nakala zangu chini ya faili nikazikalia, jasho likanitoka kama nabeba gunia.

"Si hizo hapo amezikalia?" akasema Tadei, msaada ambao sikuuomba.

Bwana Gosbert akanyoosha mkono. Nilimpa. Akasoma kwa sauti, taratibu: "Mzazi aliishukuru kamati na kukubaliana na uamuzi. Kikao kilifungwa saa nne na dakika arobaini." Akatazama saa yake. "Sasa hivi ni saa nne na robo. Karani, wewe ni nabii?"

Balbina akanigeukia. Hakukasirika, na ndilo lililoniumiza. Alikuwa anataka kujua tu. "Nilishukuru lini, baba?"

Ndugu zangu, nimekuwa katekista wa kigango miaka ishirini na miwili. Nimehubiri juu ya kusema uongo mara nyingi, na vizuri, nikijisifu. Nilizigeuza karatasi zangu, nikaandika upande wa nyuma kwa penseli, neno kwa neno kama nilivyoagizwa. Kamati ikampa Levina miaka miwili. Afundishwe kuomba maji, na afundishwe kwa ukili badala ya kalamu. Mpango uangaliwe upya Agosti 1997.

Nilingoja Mwalimu Aurelia anikemee. Hakunikemea. Alhamisi iliyofuata, vikao vya wengine vikiwa bado, aliniambia, "Leo wewe ni mzazi," akanikalisha kwenye kiti. Balbina, aliyekuja kuwasaidia wenzake, akapewa koti la shemeji yangu alivae, awe Afisa. Lilimfika magotini. Akakohoa kama mimi, akatazama saa ambayo hakuwa nayo, akaniuliza, "Mzee, kijana wako Amedeus anapenda nini?"

Amedeus ni mwanangu wa tatu. Nikasema anapenda shule.

"Shule ipi? Somo gani? Rafiki yake nani? Akikasirika anakwenda wapi?"

Wazazi wote wananitazama. Na mimi, karani wa serikali, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Ninyi ndio wenye kujua."

Walicheka mpaka mzee Agapiti, ambaye hakuacha kuja, akakohoa. Nilikwenda nyumbani jioni hiyo nikakaa na Amedeus barazani. Ana rafiki anaitwa Beno, na akikasirika huenda kukaa kwenye kichuguu nyuma ya choo. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na mitatu.

Hayo ndiyo aliyotufanyia Mwalimu Aurelia. Wazazi sitini na wawili wamepita kwenye Alhamisi zake. Watoto wamefika ishirini, na stoo ya majembe ni darasa. Ana kasoro zake pia, nisije nikaambiwa nimemchapa utakatifu kabla ya Roma: huimba nje ya sauti, huazima kalamu asirudishe, na chai yake haina sukari wala majani ya kutosha, ni maji ya moto yaliyosimuliwa habari za chai. Lakini hakuna mzazi aliyepita kwake akarudi kukaa sakafuni.

Mtauliza habari za Levina. Ilichukua miezi kumi na tano. Novemba iliyopita nilikuwa nachapa, akaingia ofisini akagonga kikombe kwenye taipureta. Nikamtoa. Akarudi, akagonga tena, wino ukamwagika, nikamtoa tena, na safari hii nilimwita mwalimu wake aje amchukue. Mara ya tatu alinishika mkono akaupeleka kwenye koo lake. Ndipo nikaelewa, mimi ambaye kazi yangu ni kupokea maagizo. Nikammiminia maji. Akanywa yote, akagonga tena. Nilikuwa nimempa nusu kikombe.

Nilikimbia kumwita Mwalimu Aurelia. Yeye alikaa kwenye ngazi akajifuta uso kwa khanga. Jioni tulimpelekea Balbina habari, na huko Michenga walipiga vigelegele vya arusi.

Lakini furaha ile imetuletea shida, na ndiyo sababu barua hii ni ndefu kuliko ilivyoagizwa. Kikao cha kuangalia upya mpango wa Levina ni Jumanne tarehe 19 Agosti mwaka huu. Watoto wanaongoja nje sasa ni kumi na wanne. Na katika muhtasari wa 1995, muhtasari pekee wa miaka ile nilioandika kwa ukweli, neno kwa neno, mama wa mtoto amesema: akishajua kuomba maji, mumpumzishe. Amejua. Miaka mitatu nilichapa uongo na haukumdhuru mtu kama ukweli huu wangu wa penseli unavyoweza kumdhuru Levina. Bwana Gosbert anayo nakala. Niliipeleka mwenyewe, nikijivuna.

Balbina alikuja Alhamisi iliyopita. "Safari hii nitasema nini?" alituuliza. "Nilisema maji tu, kwa sababu sikujua kwamba anaweza zaidi ya maji. Sasa najua anaweza. Nitasemaje kwamba nataka zaidi, wakati neno langu limeandikwa?" Nikamwambia nitamsemea. Akatikisa kichwa. "Sitaki wa kunisemea, baba. Nataka wa kunisikiliza kwanza, mpaka nilipate mwenyewe."

Mwalimu Aurelia siku ya kikao atakuwa kwao mlimani, na mnaijua ile barabara na mabasi yake. Mwalimu mpya tumeahidiwa Januari. Alhamisi hazimo kwenye ratiba, wala kwenye kazi ya mtu yeyote. Zilikuwa zake tu.

Mwalimu Aurelia, kwa niaba ya wafanyakazi, ya wazazi walioko mashambani na watoto wasiosema, tunakushukuru. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mahindi yasiyoliwa na nguruwe, usingizi mzuri, na majirani wenye chai nzuri kuliko yako. Uende kwa amani, uishi sana.

Nanyi mnaosoma, hasa mliowahi kupita kwenye viti vile: zipo Alhamisi saba kabla ya kikao, ya kwanza ni tarehe 3 Julai, saa nane mchana. Wazazi ni tisa, na Balbina ni mmoja wao. Wanahitaji watu wawili wa kukaa nao na kuwasikiliza. Mimi nimekwisha jiandikisha wa kwanza, na kutokana na hayo niliyowaeleza mtaona jinsi tulivyopungukiwa. Anahitajika mwingine mmoja, asiyependa koti. Kama unaweza kuja, au unamjua anayeweza, tuma neno kwa anayekuja huku au kwa posta. Tafadhali jibu upesi, kabla ya Alhamisi hiyo ya kwanza.

Wenu katika Kristo,
Kelestini Mponda, karani